Nondo za Evanthia

Baba mkwe wangu Stergios alikuwa akitembea juu ya kichwa changu. Sisemi kwa mafumbo. Chumba chetu kiko ghorofa ya kwanza, na juu yetu hakuna kitu ila paa la zege, bapa, wazi kwa jua na mvua. Juu ya paa hilo alizunguka asubuhi, mchana na jioni, kwa viatu vyake vya kazi. Nikiwa nanyonyesha nilimsikia akienda kona ya upande wa bahari, akisimama, akirudi kona ya upande wa mlima, akisimama. Mtoto naye alishazoea. Hatua zikikatika kwa muda, aliachia ziwa akainua macho darini, kama anayeuliza: babu kapatwa na nini leo?

Alikuwa akiangalia nondo. Hapa Volos watu hawamalizi nyumba juu. Nguzo huachwa na nondo zake zimechomoza kwenye paa, zinamfika mtu kifuani, zikingojea ghorofa ya mtoto anayefuata. Chini wanakaa Baba na mama mkwe wangu Asimina. Ghorofa ya kwanza Baba alimjengea mwanawe Zisis, mume wangu, na humo ndimo nilimoingia bibi harusi. Zile nondo za juu zilikuwa za Evanthia, wifi yangu, binti yao wa pekee. Kila ncha Baba aliivalisha chupa ya plastiki ili maji yasiingie. Upepo wa mlima Pelion ukishuka, chupa zile zilipiga kelele kama meno ya mtu mwenye homa, naye hakuweza kukaa kitini.

Kazi yake ilikuwa kufunga mbao za zege. Mnajua, zege haliwezi kusimama lenyewe likiwa bichi. Lazima liundiwe kasha la mbao, limwagwe humo, na likishakauka mbao zinabanduliwa kwenda nyumba nyingine. Ana mbao nyingi, ndefu, nzito, zilizoingia mafuta miaka na miaka ili zege lisizigande. Nusu ya mtaa wetu ilisimama kwanza ndani ya mbao zake. Tukipita barabarani alikuwa akinyoosha kidole: “Ile ngazi ni yangu. Ile roshani ni yangu, mwenyewe alitaka iwe ya mviringo, nikamwambia bwana, mbao si unga wa kukanda, lakini nikamfanyia.”

Kisha zikaja habari kwamba nchi haiwezi kulipa inachodaiwa. Mwanzoni zilikuwa maneno ya kwenye runinga tu, watu wenye tai wakibishana. Baadaye maneno yakashuka ngazi. Mwenye duka la vigae akafunga. Mhandisi aliyekuwa akimwita Baba kila msimu akaenda kuishi kwa dada yake huko Ubelgiji. Mishahara ikakatwa, pensheni zikakatwa, na mwaka wa kustaafu, kila Baba alipoukaribia, sheria iliusogeza mbele. Nani atajenga? Mbao zikapandishwa juu ya paa, zikapangwa vizuri chini ya turubai, zikangoja pamoja na nondo.

Jumapili moja ya vuli tulikuwa mezani, tunakula dengu. Zisis alikuwa akisoma gazeti la juzi alilolikuta bandarini, anakobeba mizigo siku akiitwa.

“Wanasema hapa,” alisema, “kila Mgiriki, hata aliyezaliwa leo, ana fungu lake katika deni la nchi.”

Mama Asimina akamgeukia mtoto wangu mapajani. “Huyu? Huyu kakopa nini? Tangu azaliwe hajala kitu ila ziwa la mama yake.”

“Ni deni la nchi, Mama.”

“Na nchi ilikopa ikanunua nini? Nionyeshe. Mimi nikikopa yai kwa jirani, jirani ananusa anajua nimepika nini.”

“Walinunua barabara,” Baba akadakia. “Madaraja. Viwanja, ule mwaka wa michezo ya dunia. Kumbi kubwa kubwa. Mmoja nilifunga mbao zake mimi. Mlikuwa hamjaona zege laini vile, ungelipapasa ungedhani shavu la mtoto. Sasa wanalala njiwa.”

“Ahaa!” Mama akaweka kijiko chini. “Basi na wewe umo.”

“Nimo wapi?”

“Umelila hilo deni.”

“Nilikula mshahara, mwanamke! Jasho langu!”

“Mshahara wa mkopo. Sasa mwenye mali anautaka.”

Zisis alicheka, na Evanthia akacheka, lakini Baba hakucheka. Nilimwona anaacha mkate aliokuwa ameukata. Mimi nilijua, maana Zisis alinisimulia zamani, kwamba kwa mshahara wa ukumbi ule ndipo Baba aliponunua nondo za binti yake. Akainuka bila kumaliza dengu. Punde tukasikia nyayo juu yetu, zinaenda, zinarudi.

“Umemuudhi, Mama,” Evanthia akasema.

“Simuudhi. Namwambia. Afadhali asikie kwangu kuliko kwa yule wa tai.”

Evanthia ni muuguzi. Mkataba wake katika zahanati ya watu binafsi uliisha mwezi wa Septemba na hawakumwandikia mwingine. Tangu hapo aliosha vyombo, alikunja nguo na kupanga kuni huku amevaa visikilizio masikioni, anajifunza Kijerumani. Nilizoea kumsikia akiiambia sufuria: wapi panauma? Tangu lini? Vuta pumzi. Aliniambia katika darasa lake la kwenye simu wamo wauguzi wa Ureno, wa Hispania, wa Italia, wote wanauliza sufuria zao wapi panauma.

“Wifi, sisi tumekuwa kama machungwa,” alisema. “Yakiiva tu, yanapakiwa.”

Mwezi wa Desemba akapigiwa simu. Hospitali ya mji mmoja karibu na Stuttgart ilimtaka, aanze Machi. Alitangaza jikoni kwa mama yake, wote tumesimama. Baba alikuwa amekuja kuchukua koleo lake la kukatia waya. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nenda, hakusema usiende.

“Machi,” alisema. “Basi ghorofa itasimama kabla ya Machi.”

“Utaijengea nini, mate?” Mama akauliza.

“Nondo ninazo. Mbao ninazo. Nimebakiza saruji na mikono ya watu.”

“Baba,” Evanthia akasema taratibu, “si habari ya nyumba.”

“Ni habari ya nyumba. Mtu hakimbii nyumba yake. Wanaokimbia ni wale waliopanga nyumba za watu.”

Hivyo ndivyo alivyoamini, na tangu siku hiyo wote tulijua mbio zake ni za nini. Ghorofa ikisimama, binti anabaki. Isiposimama, binti anakwenda. Alfajiri alikunywa kahawa wima, akatoka. Hakuwa akienda tena kwenye baraza la tsipouro, pombe yetu kali ya zabibu, alikokutana na mafundi wenzake, kwa sababu kwetu mtu akikununulia kibuyu kidogo cha tsipouro na pweza wa kuchoma, nawe unanunua kinachofuata, na aibu ya kuinuka kabla zamu yako haijafika inauma kuliko njaa. Wengi waliacha kwenda, viti vikabaki vimeegemea meza. Alizunguka vijijini badala yake. Aliezeka zizi la mbuzi kwa mtu, akalipwa mifuko ya saruji. Alirekebisha bomba la moshi la kasisi, akaahidiwa vijana wawili wa kubeba ndoo. Alirudi jioni na saruji kwenye toroli, uso mwekundu wa baridi, akanionyesha kama aliyevua samaki.

“Ona, binti. Inakuja.”

“Naona, Baba.”

Nami niliona pia kitu kingine, na sikujua nikisemeje. Juu ya kitanda cha mtoto kulikuwa na doa. Lilianza dogo mfano wa jani la zeituni. Krismasi ilipopita lilikuwa kubwa kama sinia, pembeni limeota ukungu mweusi. Nililifuta kwa siki, likarudi. Nikahamisha kitanda, chumba ni kidogo, nikakirudisha.

Januari mafuta ya kupashia nyumba joto yalikwisha ndani ya tangi, na kodi ilikuwa imeyapandisha bei hata jina lake hatukulitaja. Mji mzima ukarudi kwenye kuni. Jioni moshi ulilala juu ya mapaa, nguo nilizoanika zilinuka kama nyama ya kukaushwa. Tulifunga jiko la chuma chumbani kwetu, bomba likatolewa dirishani. Zisis alileta matawi ya mizeituni, yakaisha. Akaleta masanduku ya matunda kutoka bandarini, yanawaka kama karatasi na kuzimika. Mtoto akaanza kukohoa.

“Chukueni kuni kwenye paa,” Mama Asimina alisema siku moja. “Ziko mbao za kupasha moto parokia nzima.”

Baba alimtazama kama aliyeambiwa achinje ng’ombe wa maziwa. “Zile si kuni. Zile ni ghorofa.”

Mtoto akakohoa. Baba akainuka, akavua koti lake la sufu, akamfunika mtoto juu ya blanketi, akatoka nje na shati. Sikuweza kumkasirikia. Ningependa ningeweza, ingekuwa rahisi.

Siku iliyofuata, mchana, Evanthia alipanda kwangu. Aliinama, akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto, kwanza mbele, kisha mgongoni. Akavua visikilizio vyake vya Kijerumani akaviweka mfukoni, akasikiliza tena. Kisha akainua macho kwenye doa.

“Wifi, chumba hiki kinatakiwa kikauke na kipate joto. Leo. Si kesho.”

“Tumekwisha choma kila kitu.”

“Si kila kitu.”

Akatoka. Nilisikia nyayo juu, nyepesi, si zile ninazozijua. Kisha kishindo cha turubai, na mbao ikiburutwa. Alizishusha ngazini moja moja, ndefu kuliko yeye, zikigonga kuta. Akazikata uani kwa msumeno wa baba yake, amekanyaga mbao kwa goti kama fundi, maana alikulia katikati ya mafundi. Nilishuka na mtoto mgongoni nikamshika mkono.

“Eva, usifanye. Hii nyumba yako.”

“Najua ni yangu,” alisema, akafuta pua kwa kiwiko. “Ndiyo maana nakata mimi. Akikata mwingine, hatamsamehe.”

Basi tukawasha. Mbao zile zilishika moto kwa hasira, kwa ajili ya mafuta yaliyomo. Chumba kikapata joto ambalo tulikuwa tumelisahau. Mama Asimina alikuja kusimama mbele ya jiko na kunyoosha viganja.

Baba alirudi jua likiwa bado halijazama. Tulisikia toroli likisimama uani, mahali penye unga wa mbao. Kisha nyayo zake ngazini, moja moja, kama mtu aliyebeba mfuko wa saruji kila bega. Akafungua mlango. Akaona jiko. Akaona kipande kilichobaki sakafuni, chenye misumari yake mwenyewe.

“Nani?”

“Mimi, Baba,” Evanthia akasema.

Nilijua atapiga kelele. Mtoto alikuwa mikononi mwangu na nilimgeuzia ukutani. Lakini Baba alikuwa akivuta hewa puani, mara moja, mara ya pili. Akaenda dirishani akalifungua wazi, baridi yote ikaingia.

“Mna wazimu?” alisema. “Hizi zimejaa mafuta ya kasha! Moshi wake ni sumu. Mnataka kumpasha joto mtoto au kumkausha kama samaki? Wewe ni muuguzi wa namna gani?”

Evanthia akageuka mwekundu. “Sikufikiri.”

“Hukufikiri. Toeni hiyo iliyomo.” Akanigeukia: “Lemonia, mpeleke mtoto chini kwa nyanya yake. Evanthia, niletee randa.”

Tulifikiri hatukusikia vizuri. “Nini, Baba?”

“Randa! Au na yenyewe mmeichoma?”

Alikaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuparua mbao. Aliondoa ganda la juu, lile jeusi lenye mafuta na zege la nyumba za watu, mpaka ikatokea mbao nyeupe yenye kunukia msonobari. Kila alichoparua alinusa. Kikinuka, aliparua tena. Kikiwa safi, alimpa binti yake akate. Walifanya hivyo wiki nzima, mchana wote, bila kuzungumza sana. Takataka zenye mafuta aliziweka kwenye magunia mbali na nyumba. Mimi nilishuka na chai ya mlimani, nikawakuta wamekaa migongo imegusana, kila mtu na kazi yake.

Kifua cha mtoto kilitulia. Doa halikutulia. Kadiri chumba kilivyopata joto ndivyo lilivyozidi kutoa jasho, na siku ya mvua kubwa tone likadondoka kwenye mto. Safari hii nilimwita Evanthia, naye akamwita baba yake. Tulisimama wote tukitazama juu.

“Baba, hili linatoka wapi?” Evanthia akauliza.

“Bomba labda.”

“Hapa hapapiti bomba. Ulijenga wewe.”

Baba akakuna shingo. Akatembea hatua mbili, akarudi. Chumba kilikuwa kidogo mno kwa kutembea.

“Juu ya hapa ni nguzo ya kona ya bahari,” alisema mwisho. “Nondo ikipata kutu, kutu inavimba, inapasua zege kutoka ndani. Maji yanaifuata nondo kama ngazi. Chupa hazizuii. Nilijua hazizuii.”

“Tangu lini?”

“Tangu zamani. Nondo si za kungoja miaka yote hii. Nani alijua zitangoja?”

“Na dawa yake?”

Baba akauondoa mto uliolowa. Hata mimi, niliyeishia darasa la sita, nilijua dawa yake, maana majirani wa nyuma walikwisha fanya hivyo kwao. Unakata, unaziba.

Mapema Machi, mkesha wa safari, Evanthia alipanda juu ya paa alikokuwa baba yake. Mimi nilikuwa naanua nguo pale pale, kwa hiyo niliwasikia. Saruji ilikuwa pale, mifuko imefunikwa vizuri. Mbao zilikuwa zimebaki chache, hazitoshi hata ngazi.

“Wale vijana wa kasisi wako tayari,” Baba alisema. “Mbao naweza kuazima.”

“Baba.”

“Nasema tu.”

“Pesa wanazotudai Wajerumani hatuna,” Evanthia alisema, “basi wanachukua mabinti. Mama ndivyo anavyosema. Lakini mimi sichukuliwi. Mimi nakwenda. Sikiliza tofauti.”

Baba akaishika nondo moja kama mtu anavyoshika bega la mwenzake. “Nikizikata, utasema baba yako kakuzika?”

“Nitasema kamlaza mjukuu wake pakavu.”

“Na ukirudi?”

“Nikirudi nitalala kwa wifi, sakafuni. Si ndiyo, wifi? Na huyu asibatizwe mpaka nije. Nimeshasema mama wa ubatizo ni mimi.”

“Atakaa bila jina?” nikauliza, maana kwetu jina hutolewa siku ya ubatizo.

“Muiteni Mtoto. Ameshazoea.”

Asubuhi basi la Thesalonike, kwenye uwanja wa ndege, likamchukua. Mama Asimina alimpa mkebe wa zeituni, jibini na pai ya mboga mpaka begi likakataa kufungika. Baba alibeba begi, akalipakia mwenyewe, akaligonga basi ubavuni kwa kiganja kama anavyogonga kasha kujua kama zege limejaa. Basi likaondoka. Alirudi nyumbani kwa miguu, mbele yetu, haraka, hatukumfikia.

Kesho yake nikasikia msumeno wa umeme juu. Mlio ule unaingia kwenye meno. Mtoto alilia, nikampeleka kwa nyanya yake, kisha nikampandishia Baba kahawa. Cheche zilikuwa zikiruka mpaka ukingoni. Nondo zililala sakafuni zimefungwa mafungu, na zile chupa zilikuwa ndani ya gunia. Alikuwa amekwisha changanya saruji, anaziba nguzo moja moja, anaweka kofia ndogo ya zege, anailainisha kwa mwiko mpaka inang’aa.

Niliweka kahawa chini, ndipo nikaona nguzo ambayo bado hajaiziba. Hakuzikata mpaka chini. Alibakiza urefu wa kiganja, amezisugua kutu zikawa nyeupe, amezipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Na kofia alizokuwa akiziweka juu yake hakuzifungamanisha na nguzo. Chini ya kila moja alitandika kipande cha nailoni. Mkwe wa fundi hujifunza mambo. Kofia ya namna ile huzuia mvua isipenye, lakini siku utakayoitaka, nyundo ndogo inaibandua, na palipobaki kiganja, mchomeleaji ana pa kushika.

Aliniona nikitazama.

“Mama yako anajua nimekata mpaka chini,” alisema.

“Ndiyo, Baba.”

“Umeona nini?”

“Nimeona umekata.”

Akaguna, akanywa kahawa wima, akarudi kwenye mwiko.

Jumapili Evanthia alipiga simu, uso wake umejaa kioo chote, nyuma yake ukuta mweupe. Alituonyesha chumba chake, mkono mmoja unafika kila upande. Mama Asimina akampokonya Zisis simu.

“Nondo zako, mwanangu, amezing’oa zote. Paa limekuwa kama meza. Nitaanika nyanya juu yake.”

Evanthia akatafuta kwa macho nyuma ya mama yake. “Baba yuko wapi?”

Baba alikuwa ameshainuka mezani. Tulisikia ngazi, kisha nyayo juu yetu, zinakwenda kona ya bahari, zinasimama.

“Nipe wifi,” Evanthia akasema. Nikashika simu. “Wifi, niambie wewe. Ni kweli kakata zote?”

Nyayo zikaanza tena, kuelekea mlimani. Mtoto mapajani mwangu akainua macho.

“Dari imekauka,” nikamjibu.